Viti vya Kamati: Kwa Mfawidhi Mpya wa Mtwara na Lindi

Mdogo wangu, kama umeripoti wiki hii na mtendaji wa kijiji ameshakukabidhi funguo za nyumba isiyo na maji, pole na hongera. Maji utazoea. Uwanda wa Makonde ndivyo ulivyo, na ukichelewa kuagiza boza la maji kabla kiangazi hakijakolea, wajawazito watakuja kujifungua na madumu yao kichwani. Hayo utayajua ndani ya mwezi mmoja. Ninalotaka kukueleza mimi lilinichukua miaka: nani amekalia kiti kwenye kamati ya usimamizi wa zahanati au kituo cha afya, na akifungua mdomo anamsemea nani.

Nimekuwa tabibu kwenye zahanati mbili upande wa Tandahimba, kisha kituo cha afya upande wa Lindi hadi nilipostaafu. Nilipoanza, fedha zilikaa halmashauri, sisi kazi yetu kuandika barua na kungoja. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Kamati ndiyo inayopitisha mpango na bajeti, inashuhudia dawa zikishushwa kwenye gari la Bohari ya Dawa, na wewe mfawidhi ni katibu tu. Bila muhtasari wa kikao huendi popote. Hapo ndipo kiti cha kamati, ambacho zamani watu walikikwepa kwa sababu hakina posho ya maana, kilipoanza kugombewa.

Sasa nikueleze kosa langu.

CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, bima ya hiari, ilipokuja 2018, kadi ilikuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka. Halmashauri ilitaka idadi ya kaya zilizoandikishwa, kila wiki simu. Kwenye kamati yetu alikuwamo kiongozi wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima kinachouza korosho mnadani, mzee mmoja mwenye heshima zake na mwepesi wa kazi. Akasema: kwa nini tuhangaike nyumba kwa nyumba? Msimu huu tukate kadi kwenye malipo ya korosho, mnada wa pili, kila mwanachama. Nilikaribia kumkumbatia. Tukaandika muhtasari, tukasaini, nikapiga simu halmashauri kwa mbwembwe.

Malipo yalipotoka, watu hawakwenda ofisi ya AMCOS. Walikuja kwangu. Kuna nyumba ambayo mume na mke wote ni wanachama, wamekatwa mara mbili. Kuna mzee mwenye mtoto mwalimu, tayari yumo kwenye bima ya mtoto wake. Kuna aliyelipa mwezi wa tano kwa hela ya ufuta, akakatwa tena. Na nje ya uzio walikuwa wamesimama ambao hawakukatwa hata senti: mjane ambaye mikorosho aliyopalilia miaka 20 imeandikwa jina la shemeji yake, vijana wa bodaboda, mama wa kuuza mihogo. Hao hawamo AMCOS, kwa hiyo hawakuwamo kwenye mpango wetu. Kurudisha hela za watu kulichukua hadi msimu uliofuata, na kuna mama mmoja hajaniamkia mpaka leo.

Hakuna aliyeiba, naomba unielewe. Tulifanya jambo jema na watu waliojipanga, tukasahau kuwa kijiji ni zaidi ya waliojipanga. Mzee wa AMCOS aliwasemea wanachama wake, tena hata hao hakuwauliza. Mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria unapaswa kukaa kila miezi mitatu na kila mwenye miaka 18 ana haki ya kusimama na kusema, hatukuupelekea neno.

Wasomi wana jina la mtindo huu wa serikali kukaa mezani na makundi badala ya mtu mmoja mmoja: ukoporati. Sikulijua neno hilo nilipokuwa nasaini. Lakini ukiitazama historia ya bima ya afya utaliona kila mahali. Ujerumani, chini ya Bismarck, ilitunga sheria ya bima ya ugonjwa mwaka 1883, na haikuanza na kila raia. Ilianza na wafanyakazi wa viwandani na mafundi. Mfanyakazi alichangia theluthi mbili, mwajiri theluthi moja, na viti vya kuendesha mfuko vikafuata uwiano huohuo. Bismarck hakuwa mtu wa demokrasia hata kidogo. Vyama vya wasoshalisti alishavipiga marufuku mwaka 1878 na bima ilikuwa njia ya kuwavuta wafanyakazi upande wake. Ajabu ni kwamba ndani ya mifuko hiyo wafanyakazi walijifunza kupiga kura na kusimamia hela zao. Wakulima je? Mfuko wao walikuja kuupata mwaka 1972. Miaka 89 baadaye.

Uingereza mwaka 1948 walipita njia nyingine: huduma kwa kila mkazi, inalipwa kwa kodi, imepitishwa na bunge. Hata hivyo waziri Aneurin Bevan ilibidi akubaliane na madaktari. Madaktari bingwa waliachiwa waendelee kuona wagonjwa wa kulipa, na madaktari wa familia wakabaki watu wa mkataba, si waajiriwa. Kura ilitosha kuipitisha sheria. Kuifungua milango ya hospitali kulihitaji kundi lenye funguo.

Kwetu ni hivyohivyo. Hospitali binafsi za biashara zilipigwa marufuku 1977, zikaruhusiwa tena 1991, uchangiaji ukaanza 1993. NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, ilipoanza kazi 2001 ilianza na watumishi wa serikali, asilimia 3 ya mshahara wao na 3 ya mwajiri, kwa sababu mshahara unakatika kirahisi. Mkulima wa Nanyumbu akawekewa mfuko wa hiari. Machi 2024 baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha kuwahudumia wanachama wa NHIF kupinga bei za kitita kipya cha mafao, na nchi nzima ilisikia. Mama wa mihogo akisitisha kitu chake, nani atasikia?

Ndiyo maana nakuandikia sasa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inataka kila mkazi wa Tanzania Bara awe na bima, na utaambiwa tena, na watu wema kabisa: katia kwenye korosho. Usikatae papo hapo. Hela huku kwetu ina msimu. Mwezi wa saba na wa nane mtoto akiugua, baba anauza kwa kangomba, wanunuzi wa magendo, korosho ambazo bado ni maua, kwa bei ya kutupa, na Oktoba mnada ukifunguliwa anavuna za mwenzake. Kumwekea mtu bima wakati ana hela ni kumwokoa na hilo. Sisi mara ya pili tulifanya vizuri zaidi: hoja ikaenda mkutano mkuu kwanza, ikabishaniwa saa tatu nzima, kisha mwenye kutaka akajaza fomu ya kukubali makato. Wasio na korosho tuliwafuata kwenye VICOBA, vikundi vyao vya kuweka na kukopa, huko akina mama walishaanza kuweka kidogo kidogo bila sisi kuwafundisha.

Kiti cha AMCOS usikiondoe. Ukimtoa yule mzee kwenye kamati, utabaki na kamati ya watu wapole wasioweza hata kupata boza la maji kwa mkopo. Muulize tu, mbele ya wenzake, hili umelisikia wapi na nani amekutuma, na jibu liandike kwenye muhtasari. Mapato na matumizi bandika kwenye mbao za matangazo kwa herufi kubwa, bandika pia pale kisimani, maana zahanati wanakuja wagonjwa na mgonjwa hana muda wa kusoma hesabu. Kikao usikiweke siku ya mnada wala wakati wa ngoma za unyago.

Na mkutano mkuu ukiisha, usikimbilie pikipiki yako. Kaa chini ya mwembe, jifanye unafunga makaratasi. Wanaume wakishaondoka, yule aliyenyamaza mkutano mzima atakusogelea, atakuamkia, atauliza habari za nyumbani, na ndipo atakwambia kwamba dirisha la dawa linafungwa saa saba mchana, na yeye shambani anarudi saa nane.