Jibu: Je, ukaguzi wa mara moja kwa mwaka unatosha kuzuia kazi ya kulazimishwa?

Umeuliza kama inatosha wasambazaji kusaini kanuni za maadili na kukaguliwa mara moja kwa mwaka. Haitoshi. Ukaguzi uliotangazwa humkuta mwajiri ameshajipanga: daftari za saa za kazi ni mbili, moja ya kweli na moja ya kuwaonyesha wakaguzi, na wafanyakazi wamefundishwa majibu.

Anzia kwenye uajiri, maana mitego mingi hutegwa hapo. Mfanyakazi mhamiaji hukopa ili amlipe wakala, kisha deni linakatwa kwenye mshahara na hawezi tena kuondoka. Andika kwenye mkataba wako na msambazaji kwamba gharama zote za kuajiri zinabebwa na mwajiri, halafu hakikisha. Waulize wafanyakazi wenyewe, kwa lugha yao na mbali na msimamizi, walimlipa nani na kiasi gani. Aliyelipa arudishiwe. Linganisha mkataba aliosaini kwao na masharti anayofanyia kazi sasa. Uliza pasipoti iko wapi. "Tunamtunzia tu" si jibu la kukubali, kwani kushikilia hati ni mojawapo ya viashiria 11 vya kazi ya kulazimishwa vya Shirika la Kazi Duniani.

Jitazameni na ninyi wanunuzi. Oda ya ghafla na bei isiyofikia gharama ya kazi humsukuma msambazaji kuchukua vibarua kwa mkandarasi msiyemjua.

Mkigundua tatizo, msikimbilie kuvunja mkataba. Wafanyakazi ndio watakaobaki na deni bila kazi. Dai mpango wa marekebisho wenye tarehe, na muondoke pale tu msambazaji anapokataa kuutekeleza.