Namna ya Kuyasoma Maoni ya Wanunuzi Kabla ya Kununua Kamera Ndogo ya Bei Nafuu

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikiwasaidia ndugu na jirani zangu hapa Dar es Salaam kuchagua kamera ndogo za dijitali, zile za kutia mfukoni ambazo mtu hununua kwa ajili ya sherehe, safari au kazi ndogo ya kupiga picha mtaani. Nimegundua kwamba sehemu ngumu ya kazi hiyo si kulinganisha vipimo vya kiwandani, kwa kuwa hivyo vimeandikwa wazi kwenye boksi. Ugumu uko katika kuyasoma maoni ya watu walioinunua kamera hiyo kabla yako. Mmoja anaisifu kana kwamba haina mfano, mwingine anaapa kwamba ametupa fedha zake, na wote wawili wanazungumzia kamera ileile. Mara nyingi wote wawili wanasema kweli, ila kila mmoja ameieleza hali yake mwenyewe, yaani mahali alipopigia picha, mwanga uliokuwapo na kile alichotarajia kukiona.

Idadi ya nyota mimi huiangalia kwa haraka tu. Wako wanaotoa nyota tano kwa sababu mzigo ulifika mapema, na wako wanaotoa moja kwa sababu boksi lilibonyea njiani. Wako pia wanaolipwa kusifu, na jambo hilo limekua kiasi kwamba mwezi Agosti 2024 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilitangaza kanuni ya kupiga marufuku uuzaji na ununuzi wa maoni ya kubuni. Kwa hiyo mimi huanza na waliotoa nyota tatu, kwa kuwa mtu wa namna hiyo kwa kawaida hutaja alichokipenda na kilichomkera, kisha hutafuta maoni yaliyoandikwa miezi kadhaa baada ya ununuzi. Maoni ya siku ya kwanza huwa ni furaha ya kufungua boksi.

Chukua mfano wa Sony W800, iliyotoka mwaka 2014 na kwa muda mrefu ikawa miongoni mwa kamera nafuu kabisa za kampuni yenye jina. Lalamiko la kawaida dhidi yake ni kwamba picha za ndani ya nyumba hutoka na ukungu au chembechembe. Lalamiko hilo ni la haki, na sababu yake inaeleweka. Kihisi mwanga chake, yaani kile kipande kinachopokea picha badala ya filamu, kina ukubwa wa takriban milimita 6.2 kwa 4.6, lenzi yake haifunguki sana kupitisha mwanga, na haina utaratibu wa ndani ya lenzi wa kutuliza mtikisiko wa mkono. Mwanga ukipungua, kamera hulazimika kuacha picha ikipokelewa kwa muda mrefu zaidi, na mkono ukitikisika kidogo tu picha imeharibika. Lakini mtu aliyeipeleka kamera hiyohiyo ufukweni saa tatu asubuhi atakuandikia kwamba picha zake zinang'aa, naye hakudanganyi.

Hapo pana mtego mwingine. Dada yake W800, yaani W830, anafanana naye sana kwa umbo, ila ana utaratibu wa kutuliza mtikisiko na huvuta picha karibu (zoom) mara nane badala ya tano. Canon nao walitoa IXUS 185 na IXUS 190 mwaka 2017: ya kwanza haina utaratibu huo ndani ya lenzi wala Wi-Fi, ya pili inavyo vyote viwili. Maduka ya mtandaoni mara kwa mara huyachanganya maoni ya kamera pacha za namna hii kwenye ukurasa mmoja, hivyo unaweza kusoma sifa za W830 ukadhani inasifiwa W800. Isitoshe, Canon hutumia jina IXUS huku kwetu na Ulaya, ELPH huko Marekani na IXY nchini Japani, kwa hiyo usipoyajua majina hayo utakosa nusu ya maoni yanayokuhusu.

Kuna jambo ambalo sijawahi kulikuta likielezwa vizuri katika maoni ya wanunuzi wa nje, nalo ndilo linalowasumbua watu wetu kuliko yote. Kamera yoyote inayojipangia mwanga yenyewe hujaribu kuifanya picha nzima iwe na mwanga wa wastani. Bibi harusi akivaa shela jeupe, au wazee wakikaa safu moja wamevaa kanzu, weupe ule huijaza picha na kamera hudhani kwamba mwanga umezidi, hivyo huupunguza. Matokeo yake ni nguo iliyofifia na nyuso nyeusi zisizotambulika vizuri. Ukumbini usiku mambo hugeuka: giza la nyuma huifanya kamera imwage flashi kupita kiasi, na aliye karibu akang'aa usoni kama aliyepakwa unga. Mnunuzi wa hapa kwetu huandika kwamba kamera ni mbovu, ilhali tatizo hilo lina dawa ya bure. Toka kwenye Auto uingie kwenye P, yaani hali inayokuachia urekebishe baadhi ya mambo mwenyewe, tafuta alama ya EV (ya kuongeza au kupunguza mwanga wa picha) yenye jumlisha na kutoa, uongeze hatua moja pale weupe unapotawala picha, au upunguze pale giza linapotawala. Kwa hiyo, unaposoma maoni, tazama kama mwandishi amegusa popote suala la kurekebisha mwanga, kwani asipoligusa, hukumu yake juu ya rangi za nyuso haina uzito mkubwa.

Flashi nayo husingiziwa mengi. Katika kamera za daraja hili hufika kama mita tatu hivi ukiwa hujavuta picha karibu, na ukivuta hupungua zaidi. Mzazi aliyekaa viti vya nyuma kwenye mahafali akitarajia kummulika mwanawe jukwaani atalalamika bila shaka. Hata hivyo, kwa watu wa karibu, mmweko huo mfupi na mkali huwasimamisha wachezaji wa ngoma katikati ya mwendo, jambo ambalo taa ndogo ya simu haiwezi. Anayeandika kwamba simu yake hupiga vizuri zaidi usiku anasema kweli pia, kwa kuwa simu za siku hizi huunganisha picha kadhaa kuwa moja. Kinachobaki kuwa ubora wa kamera hizi ni kuvuta picha kwa lenzi halisi, flashi hiyo, na kutoimaliza chaji ya simu unayoihitaji kwa mambo mengine.

Kuhusu betri, kumbuka kwamba kiwanda hutaja takriban picha 200 kwa W800 na 210 kwa IXUS 185, na kipimo hicho huchukulia kwamba nusu ya picha zimepigwa kwa flashi. Anayepiga kila picha kwa flashi ukumbini atapata pungufu. Tofauti ninayoitilia maanani zaidi ni kwamba W800 huchajiwa kwa waya ikiwa na betri ndani, hivyo umeme ukikatika unaweza kutumia pawabenki, ilhali IXUS 185 ina chaja yake ya pembeni, hivyo betri ya pili inaweza kuchajiwa wakati wewe unaendelea na kazi. Kodak FZ45 hutumia betri za kawaida za saizi ya AA, na wengi huilaumu kwamba huzima mapema. Ukichunguza utakuta wametia betri za bei ya chini za dukani, zile za tochi, badala ya betri za kuchaji za Ni-MH.

Kuna kundi la kamera ambalo maoni yake siyaamini hata kidogo, nalo ni zile zisizo na jina zinazotangazwa kuwa na megapikseli (mamilioni ya nukta zinazounda picha) 48 au 64, video ya 4K na uwezo wa kuvuta mara 16. Nyingi kati yake zina kihisi kidogo, na programu hutanua picha ili namba iwe kubwa. Zisome usoni, kwenye ukingo wa lenzi. Kamera yenye lenzi inayovuta kweli huandikwa namba mbili za milimita, kwa mfano IXUS 185 ina 5.0 hadi 40.0, na ukigawa kubwa kwa ndogo unapata nane, ndiyo hizo mara nane. Ukikuta namba moja tu, kuvuta kwake ni kukatakata picha, na jambo hilo unalifanya bure kwenye simu. Kwa picha ya kuchapishwa ya sentimita 10 kwa 15, megapikseli mbili zilizo safi zinatosha.

Vijana wa siku hizi wanazitafuta kamera za zamani zenye kihisi cha aina ya CCD kwa ajili ya rangi zake. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya mvuto huo hutokana na flashi, lakini sibishani na ladha ya mtu. Anayenunua iliyotumika ajue mambo machache tu. Kamera nyingi za Sony zilizouzwa kwa soko la Japani zina menyu ya Kijapani peke yake. Kamera zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2006 kwa kawaida hukataa kadi ya kumbukumbu ya SD iliyozidi GB 2, na za Olympus na Fujifilm za wakati huo nyingi hutumia kadi ya xD, ambayo ni shida kuipata. Sisi wa pwani tuna adui wawili zaidi: mchanga unaoingia kwenye lenzi inayotoka na kurudi ndani mpaka ikakwama, na unyevu unaootesha kuvu ndani ya vioo.

Kwa hiyo dukani, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue kule Nairobi, iwashe na kuizima mara kadhaa huku ukisikiliza mlio wa lenzi, vuta hadi mwisho, kisha piga picha ya karatasi nyeupe uikuze kwenye skrini utafute madoa. Zima, toa betri kwa dakika chache, rudisha uone kama tarehe imepotea, dalili kwamba betri yake ndogo ya ndani imechoka. Kadi mpya ijaze picha na video hadi mwisho katika siku za mwanzo, uzifungue zote kwenye kompyuta, kwa kuwa kadi bandia huonyesha ukubwa ambao haina na huanza kuharibu picha inapokaribia ukubwa wake wa kweli. Ni bora uligundue hilo wakati muuzaji bado anaitambua risiti yake.