Kumwambia mtoto "subiri" peke yake haitoshi

Mi naamini mtoto asubiri, niseme mapema nisije nikaambiwa nawafundisha watoto uhuni. Nina binti kidato cha pili na kaka yake yuko cha nne, tunaishi hapa Moshi maeneo ya Pasua, na kwetu inajulikana, shule kwanza mapenzi baadae. Ila wazazi wengi tukishasema subiri tunanyamaza. Kipaimara anafundishwa usizini, mwalimu anapita hapo fasta fasta, shuleni anachora mirija ya uzazi kwenye baiolojia, nyumbani anaambiwa "ole wako uniletee mimba". Sasa mirija anaijua, ole wake anaijua, ila hajui amjibu nini yule kaka wa bodaboda.

Na hapo kwa bodaboda ndo penyewe. Mtoto katoka shule saa kumi ana njaa, konda hataki mwanafunzi maana nauli yake ni mia mbili, anapakia wakubwa kwanza, gari zinapita tu, alafu anatokea mtu "dada panda bwana, hela utanipa siku nyingine". Hiyo siku nyingine inajulikana itadaiwaje! Kwa hiyo mi nilianza na hela sio mahubiri, binti anabeba nauli ya mtu mzima, konda akileta maneno analipa kamili anapanda.

Alafu majibu tunafanyia mazoezi. Tukiwa tunamenya ndizi za mtori mikono iko bize, hatuangaliani usoni, maneno yanatoka yenyewe. Najifanya mi ndo bodaboda, "mrembo, kwani unaniogopa?" Anacheka weee, alafu anajibu, "Sikuogopi kaka, mama ndo anaogopa, na namba ya pikipiki kashaiandika."

Wa kiume jamani msimwache. Huyo nimemkabidhi kwa baba yake, na baba hakuzunguka, alimwambia mwanangu ukishavuka miaka 18 ukalala na binti aliye chini ya hapo sheria inaita ubakaji hata kama kakubali, na kifungo hakipungui miaka 30. Kijana akauliza "kwani baba wewe ulisubiri?" Mzee akakohoa. Jiandaeni na hilo swali, linakuja.

Kuna wanaosema ukimweleza mtoto cha kufanya mambo yakiharibika umempa ruhusa. Sikubaliani nao. Binti yangu anajua akilazimishwa, Mungu apishe mbali, asioge, aje kwangu muda huohuo twende hospitali, maana dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zinatakiwa zianze ndani ya masaa 72, na polisi kuna dawati la jinsia. Anajua pia tangu Novemba 2021 aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shule. Mtoto anayejua hatofukuzwa nyumbani ndo anayekuja kusema mapema, tena anasema wakati bado ni meseji tu kwenye simu.

Mkiuliza uanze lini, mi nilianza darasa la tano, siku nampeleka dukani kuchagua pedi zake kabla hata hajavunja ungo.