Kabla hujamsifu mbunge wako kwa tume huru, soma Hansard kuanzia nyuma

Februari 2024, siku chache baada ya Bunge la Tanzania kupitisha sheria mpya ya tume ya uchaguzi, nilisambaza video fupi ya mbunge mmoja kwenye makundi yangu yote ya WhatsApp. Alikuwa anaongea kwa uchungu, kidole juu, anasema wananchi wanataka tume huru ya kweli, hawataki jina. Nikaandika chini yake: huyu ndiye mbunge. Jioni nikamwonyesha mwalimu mmoja mstaafu ambaye huwa tunakunywa naye kahawa hapa Morogoro. Akaitazama hadi mwisho, akanirudishia simu, akaniuliza: "Mwanangu, alileta jedwali?"

Sikujua anauliza nini. Akanieleza taratibu, kikombe mkononi. Muswada ukisomwa mara ya pili wabunge wanauchangia kwa jumla, na hapo kila mmoja yuko huru kusema lake. Ibara ya 100 ya Katiba inamlinda asihojiwe popote nje ya Bunge kwa maneno yake. Lakini mchango ule, hata uwe mtamu namna gani, hauondoi hata nukta kwenye muswada. Kinachoondoa ni Jedwali la Marekebisho, yaani karatasi anayoiwasilisha mbunge akitaja ibara ipi, maneno gani yafutwe na yapi yawekwe. Bunge linapokaa kama Kamati ya Bunge Zima, ibara zinapitiwa, na mwenye jedwali anasimama kulitetea.

Usiku ule nikapakua Taarifa Rasmi, yaani Hansard, kumbukumbu ya yote yanayosemwa Bungeni, kutoka tovuti ya Bunge. Mchango wa mbunge wangu niliupata: shukrani kwa Mwenyezi Mungu, pongezi kwa waziri, barabara ya jimboni, halafu ndiyo tume huru, (Makofi), kengele, "naunga mkono hoja." Nikashuka hadi Kamati ya Bunge Zima. Jina lake halikutokea tena hata mara moja. Iliniuma, kwa sababu nilikuwa nimewaaminisha watu wengi jambo ambalo mwenyewe sikulisoma.

Tangu hapo nasoma Hansard nikianzia nyuma, nawe nakushauri ufanye hivyo. Anza na Kamati ya Bunge Zima. Tafuta jina la mbunge wako, uone alisimama kwenye ibara gani na alijibiwa nini. Ndipo urudi kwenye hotuba yake. Utashangaa: wapo ambao hotuba zao hazina makofi hata moja, lakini ukifika nyuma unamkuta mtu anabishana na waziri juu ya maneno mawili tu.

Na kwenye suala la tume, maneno mawili yanatosha kubeba uchaguzi mzima. Chukua wasimamizi wa uchaguzi majimboni. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilikuwa ya wakurugenzi wa halmashauri, ambao ni wateule wa Rais. Mei 2019 Mahakama Kuu ilisema hilo ni kinyume cha Katiba. Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo. Sheria za 2024 zinazungumzia mtumishi wa umma mwandamizi. Sasa jiulize: mkurugenzi si mtumishi wa umma mwandamizi? Mbunge aliyesema "wasimamizi wawe huru" na kuketi hajagusa kitu. Mbunge anayeuliza nani hasa anaingia kwenye maneno hayo na nani hayumo, huyo msikilize hata kama sauti yake inakwaruza.

Uteuzi nao ni hivyohivyo. Sheria ya 2024 imeleta Kamati ya Usaili chini ya Jaji Mkuu, inayowasaili wanaoomba ujumbe wa tume na kupeleka majina kwa Rais. Ni hatua, sitaki kuidharau. Lakini Ibara ya 74 ya Katiba bado inampa Rais uteuzi, na ibara ndogo ya 12 bado inasema hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza jambo lililofanywa na tume katika kutekeleza madaraka yake. Sheria ya kawaida haiwezi kuyafuta hayo. Yanahitaji kubadili Katiba, na hapo zinatakiwa kura za theluthi mbili. Kwa hiyo mbunge akisema sheria imemaliza kila kitu, muulize kuhusu Ibara ya 74. Muswada uliingia Bungeni ukiitwa wa Tume ya Taifa ya Uchaguzi, ukatoka na neno Huru. Mimi binafsi neno hilo halinitoshi.

Tuwe waungwana pia. Jedwali likikataliwa, aliyelileta bado amefanya kazi, na limebaki kwenye kumbukumbu. Tena mengine huamuliwa mapema, kwenye kamati ya kudumu inayochambua muswada. Januari 2024 wadau walikwenda Dodoma kutoa maoni yao mbele ya kamati hiyo, na taarifa yake husomwa kabla ya mjadala. Isome, uone nini kilibadilika kabla ya hotuba ya kwanza.

Usisubiri muswada ufike ukumbini ndipo uanze kupiga kelele. Baada ya aibu yangu ile tulijikusanya watu sita, tukamwandikia mbunge wetu barua ya ukurasa mmoja. Rasimu ya kwanza ilijaa demokrasia na haki. Mwalimu akaichana. Akatuambia tutaje ibara, tunukuu maneno yaliyopo, chini yake tuandike tunayoyataka yakae badala yake, kama jedwali lenyewe. Tukafanya hivyo kwa Ibara ya 74(12). Msaidizi wa mbunge alitupigia wiki iliyofuata, akauliza kama tunaweza kumtumia nakala laini. Tulimtumia siku hiyohiyo, na nakala ya karatasi iko kwa mwalimu, ndani ya Katiba yake iliyochakaa, palepale kwenye ukurasa wa Ibara ya 74.