Jibu: Je, natenda dhambi nikiyatilia shaka maono ya Mtakatifu Faustina?

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu. Umesema unasali Rozari ya Huruma lakini maono ya Faustina, yule mtawa wa Poland aliyeandika kuwa alipewa sala hiyo na Yesu, hayakuingii akilini, na unaogopa kuwa unamkosea Mungu. Umenisimulia pia ndoto zako.

Anza na Katekisimu, namba 67: mafunuo ya binafsi, kama maono haya, si sehemu ya amana ya imani, yaani mafundisho ambayo Kanisa lilikabidhiwa tangu Mitume, hata yale yaliyotambuliwa na Kanisa. Kwa hiyo hulazimiki kuyaamini. Kanisa lenyewe halikukurupuka: mwaka 1959 Roma ilizuia kueneza ibada hii kwa namna alivyoiandika Faustina, ikaondoa zuio hilo mwaka 1978, naye akatangazwa mtakatifu mwaka 2000.

Mimi nilikwama hapohapo. Kilichonisaidia ni kuacha kuyawazia maono na kuyasikiliza maneno yenyewe. Punje baada ya punje unaomba huruma kwa ajili ya mateso ya Yesu, kwetu na kwa dunia nzima. Hayo ni ya Injili kabisa! Siku nyingine nilisali punje kumi tu, taratibu, vidole vikitulia kwenye kila moja.

Zile ndoto zako siwezi kuzipima mimi. Mpelekee padri anayekuungamisha, na usimfiche kitu.