Maswali na Majibu: Taka za Nyumbani na Ujirani Mwema

Jirani yangu huchoma taka kila jioni, zikiwemo chupa za plastiki na nepi, na moshi huingia chumbani kwa mwanangu mwenye pumu. Nikimweleza, hunijibu kuwa anachomea kwenye kiwanja chake. (Mama wa Tabata)

Pole sana kwa mtoto, mama. Kiwanja ni chake kweli, lakini hewa mnaivuta wote, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Plastiki inayoungua kwa moto hafifu wa uani hutoa moshi wenye sumu, ambao kwa mwenye pumu unaweza kuwa chanzo cha kubanwa kifua usiku huohuo. Usimwendee moto ukiwa unawaka, kwa kuwa wakati huo nyote wawili mna hasira. Nenda asubuhi, ukiongozana na mzee anayeheshimika hapo mtaani, umweleze hali ya mtoto na umuulize kwa nini anachoma. Mara nyingi utasikia kwamba gari la taka halifiki kwake, na hapo shida inakuwa yenu nyote. Akikataa kabisa, andika tarehe na saa za moshi, kisha umwone afisa mtendaji wa mtaa na kumwomba aje na bwana afya wa kata.

Tuko wapangaji kadhaa katika nyumba moja, na mmoja hataki kuchangia ada ya taka kwa sababu hapiki nyumbani. (Mpangaji, Mbagala)

Asiyepika naye ana taka: chupa za maji, makasha ya chakula, vumbi la kufagia. Mwombeni mwenye nyumba aijumuishe ada hiyo kwenye kodi, na kila anayelipa adai stakabadhi.

Gari la taka likichelewa, pipa letu linanuka na kutoa funza, hata majirani wanatununia. (Kijana wa Kinondoni)

Majirani wana haki ya kulalamika, ila dawa iko jikoni kwenu. Sehemu kubwa ya taka za nyumba zetu ni mabaki ya chakula, nayo ndiyo yanayonuka. Chupa na karatasi zikiwa kavu zinaweza kukaa wiki nzima bila kumkera mtu. Kwa hiyo tengeni ndoo mbili. Maganda ya ndizi, ukoko wa ugali na mabaki ya mboga yachujwe maji kwanza, yaingie kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, na kila mkimwaga mnyunyizie juu yake maranda ya mbao au majani makavu. Mfuniko ni wa lazima, kwani katika joto letu mayai ya inzi huweza kuanguliwa ndani ya siku moja tu. Matumbo ya samaki yafukieni kwenye shimo lenye kina ambalo mbwa hawezi kulifukua. Mwenye nafasi uani achimbe shimo la mboji, na asiye nayo amtafute mfugaji wa bata au nguruwe, ambaye mara nyingi atayapokea mabaki kwa furaha. Chupa wapeni waokotaji wanaopita na viroba vyao.

Mvua ikinyesha, jirani wa juu yetu hutupa taka mferejini, nazo zinakwama mlangoni kwangu. (Mzee wa Vingunguti)

Hili, mzee wangu, naliona zito kuliko yote, maana taka hizo huziba mifereji, na zinazopita huishia Mto Msimbazi, ambao wakazi wa bonde la Jangwani wanajua vyema unavyofurika. Usimrudishie taka mlangoni kwake, kwani utageuka mkosaji mbele ya serikali ya mtaa. Piga picha, kisha uombe jambo hili liwe ajenda ya mkutano wa mtaa bila kumtaja mtu jina, ili apate nafasi ya kuacha pasipo kuaibishwa. Wasilisha ombi lako kwa mwenyekiti kabla ya masika ya Machi, wakati mfereji ungali mkavu na vijana wanaweza kuuzibua kwa majembe siku ya usafi ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi.