Siku tano au sita? Barua kwa mwanangu aliye Arusha

Mwanangu,

Umeniandikia kwamba ofisi yenu ya kupandisha wageni Kilimanjaro iliwapeleka semina ya mauzo, na mwalimu akawafundisha kuongea na mteja hadi akubali bila kujua kilichomkubalisha ni nini. Unauliza kama mambo hayo yanafanya kazi kweli, na kama ni ulaghai. Nianze na la kwanza, maana nimeyafanya miaka yote niliyokuwa nesi wodi ya watoto.

Mtoto anayelia haulizwi kama anataka sindano. Atasema hataki, na ana haki yake. Unamuuliza: "Tuanze na mkono huu au ule?" Anaitazama mikono, anachagua. Sindano yenyewe haikujadiliwa, swali limeshaichukulia kuwa ipo. Ukimwambia "usiogope" umemkumbusha woga, kwa hiyo unamwambia, "Sijui kama mkono umeshaanza kulegea," naye anausikiliza mkono. Kabla ya hapo unamtajia vitu asivyoweza kuvipinga: umekaa na mama, umevaa soksi nyekundu, feni inazunguka. Akishaitikia vitatu vya kweli, cha nne kinapita kwa urahisi. Na huyo mama anayeuza parachichi pale soko la Mbuyuni hakwenda semina yoyote: "Jua kali leo, dada, na watoto wanakusubiri nyumbani, haya nikufungie mafungu mawili au matatu?"

Aliyeyafanya haya kuwa tiba ni daktari wa akili wa Marekani, Milton Erickson, aliyezaliwa 1901 na kufariki 1980. Alitumia hipnosisi, yaani kumtuliza mtu kwa maneno hadi awe kama anasinzia huku anasikiliza. Alikulia shambani. Alipenda kusimulia kwamba siku moja ya baridi baba yake alikuwa akimvuta ndama aingie bandani, ndama amegoma. Yeye akaenda nyuma akamshika mkia akauvuta kuelekea nje. Ndama akashindana naye hadi akajikuta ndani. Wagonjwa wake aliwatibu hivyo hivyo: kwa visa, kwa kuwaachia uchaguzi, kwa amri zilizofichwa katikati ya sentensi ya kawaida, mara nyingi bila kuwaambia walale. Miaka ya 1970 Richard Bandler na John Grinder, kule California, wakaichambua lugha yake na kuiandika kama kanuni. Kutoka kwao ikafika kwa wauzaji, na bila shaka kwa huyo mwalimu wenu. Watafiti waliopima madai makubwa ya wafuasi wao hawakuona ushahidi wa kuridhisha. Kwa hiyo akikuambia kuna sentensi inayomfungua mtu pochi, mwache aseme, ndicho anacholipiwa ada.

Kuna jaribio moja ninaloliamini zaidi. Mwaka 1978 mwanasaikolojia wa Marekani, Ellen Langer, na wenzake walichapisha matokeo yao kutoka kwenye foleni ya mashine ya fotokopi. Anayetaka kupita mbele na kurasa 5 akiomba tu, asilimia 60 walimruhusu. Akiongeza "kwa sababu nina haraka", 94. Akisema "kwa sababu inabidi nitoe kopi", ambayo si sababu hata kidogo, 93! Lakini kurasa zilipokuwa 20, ile sababu tupu haikumsaidia kitu; waliokubali walibaki 24 kati ya 100, sawa na asiyetoa sababu yoyote. Yaani maneno haya humpata mtu pale ambapo jambo ni dogo na hajajishughulisha kufikiri. Likiwa kubwa, anaamka.

Isipokuwa pale asipojua kwamba jambo ni kubwa. Na hapo ndipo kazi yako inaponitia wasiwasi.

Mgeni anaingia ofisini kwenu, hajawahi kuuona mlima. Unamuuliza, "Utapanda kwa siku tano au sita?" Anachagua sita, anajiona mwangalifu. Safari ya siku nane haikutajwa, kwa sababu bei yake humkimbiza mteja akaenda kwa jirani. Huyo hakuamka, kwa kuwa hajui kwamba kilele cha Uhuru ni mita 5,895 na kwamba mwili unahitaji siku za kuuzoea mwinuko, la sivyo kichwa kinapasuka, anatapika, na mwenye bahati mbaya mapafu au ubongo unajaa maji. Mimi nilipomuuliza mtoto mkono upi, mikono yote miwili ilikuwa inampeleka kwenye dawa yake. Wewe "tano au sita" inampeleka wapi?

Basi la pili nimeshalijibu nusu. Kusema kwa kuzunguka si ulaghai. Babu yako alipokosana na jirani kuhusu zamu ya maji ya mfereji hakwenda na hotuba, alipeleka jani la isale, ambalo kwetu Wachagga ni ombi la msamaha. Hakuna neno lililotamkwa, lakini jirani alijua kabisa anaombwa nini na nani. Hilo nakuruhusu mchana na usiku. Msimulie mteja kisa cha mzee aliyefika kileleni polepole, muulize kama angependa kuanza safari kabla ya mvua au baada yake, mpe muda aone picha kichwani. Lakini siku nane iwe mezani, kwa bei yake, kabla hujauliza swali lako tamu. Bosi akinuna, mwambie mteja aliyeshushwa kwa machela haandiki sifa zenu mtandaoni.

Halafu hicho chumba cha Njiro. Umeniambia dalali alisema, "Ukishahamia utaona maji hayakatiki," kisha akauliza unalipa miezi mitatu au sita. Umeona alichofanya? Nenda jioni bila kumwambia, ufungue bomba, uulize wapangaji. Na usitume hela yoyote kabla hujanipigia.

Baba yako anakusalimu.

Mama